Yaliyoandikwa Chini ya Sahihi

Dada yangu alikuwa na kiwanja Mikumi, upande wa juu wa barabara kuu, ukishazipita gereji za malori. Nasema alikuwa nacho. Nyumba ya matofali ya kuchoma, choo nje, michungwa ambayo nyani hawakuiacha ikaiva hata mwaka mmoja, na nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, kaburi la mume wake. Pembeni ya kaburi lile ndipo alipotaka azikwe na yeye. Alishatuonyesha. Alisimama pale akapiga chini kwa kisigino, akasema, "Hapa. Msije mkanipeleka makaburi ya mjini nikalale na madereva nisiowajua."

Ninachotaka kuandika ni jinsi alivyopakosa mahali pale. Nitapotea njiani mara kwa mara, mnivumilie. Shule niliishia darasa la tatu, mengine niliyaokota kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu anaandika ubaoni na sisi nyuma tunasinzia kwa uchovu wa jembe. Dada yeye hata kisomo hakwenda. Alisema macho yake yana kazi nyingine.

Na kweli yalikuwa na kazi. Ukikaa Mikumi upande ule, tembo ni jirani. Hifadhi ina mpaka kwenye ramani, tembo hajaiona ramani. Anakuja maboga yakikomaa, anachagua, lile bichi analiacha. Dada alikuwa akichoma kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili, moshi unakwenda kwao, na yeye mwenyewe anakohoa kuliko tembo. Mwaka mmoja walimvunjia jiko. Watu wakamwambia, hama mama, huku si kwa binadamu. Akasema, "Jiko ni udongo na mimi nina mikono." Akalijenga tena. Tembo hawakumtoa. Alitolewa na karatasi.

Sasa ili mnielewe lazima nirudi nyuma, kwenye kambi ya mkonge. Baba yetu alitoka Unyamwezi akiwa kijana, akaja kukata mkonge Rudewa, na sisi tulizaliwa kambini. Pale kulikuwa na watu wa kila kabila, na karibu wote hawakujua kusoma. Barua zikija kutoka kwao, zilisomwa Jumapili mchana, mbele ya zile nyumba za safu, na mtu mmoja aliyekuwa karani wa mizani. Msomaji alisimama, mwenye barua alikaa chini, sisi wengine tukazunguka. Barua ya mtu mmoja ilikuwa ya kambi nzima. Mama wa mtu akifa huko Songea, kambi nzima inalia, hata sisi tusioijua Songea iko upande gani.

Lakini msomaji alikuwa na mahali pa kuishia. Akifika kwenye "wako mpendwa" na jina la mwandishi, anakunja karatasi, anamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. Yaliyo chini ya jina hayasomwi mbele za watu. Huko chini ndiko watu walikoweka mambo yao: kwamba mke aliyeachwa nyumbani ana mimba ambayo hesabu yake haieleweki, kwamba shamba amepewa mjomba, kwamba ile dawa uliyoomba inakuja na fulani, uipokee kimya. Mwenye barua akitaka kuyajua hayo, alimfuata msomaji siku nyingine, peke yake, akasomewa sikioni. Asipokwenda, basi, imepita hiyo. Tuliambiwa kwamba zamani msomaji mmoja aliyasoma ya chini kwa sauti, na mtu akakatwa kwa kisu cha mkonge. Sijui kama ni kweli. Lakini watoto wote wa kambi tulikua tunalijua hilo kama tunavyojua kutoa shikamoo: ya chini ni ya mwenyewe.

Katika watoto hao alikuwamo mmoja, Mluguru, ambaye yule karani alimpenda akamfundisha kusoma mpaka akaajiriwa reli. Alifanya kazi stesheni miaka mingi. Treni za abiria zilipopungua na umri ulipofika, akastaafu, akajenga Mikumi, nyumba ya pili kutoka kwa dada. Sisi tulimwita mzee wa stesheni na nitamwita hivyo hivyo. Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo yeye na dada yangu hawakuwahi kuongea vizuri hata siku moja. Ilikuwa matusi asubuhi, matusi jioni, na katikati wanapeana mboga. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa mtaa ule. Wajukuu wa siku hizi wanajua kusoma, ndiyo, lakini wanasoma huku wanaangalia simu. Mzee wa stesheni alivaa koti kwanza.

Barua ya dada ilikuja kwa sanduku la posta la parokia. Baba yetu alikuwa Mwislamu, dada alibatizwa alipoolewa, na mimi nimebaki katikati, sikukuu zote nakula. Basi Jumapili, kwenye matangazo, baada ya ndoa zinazotarajiwa na kabla ya habari ya zamu ya kufagia, wakasoma majina ya wenye barua. Yalikuwa majina kadhaa, wote wenye viwanja kando ya barabara. Jina la dada likatajwa kanisani. Hebu fikirieni, mwanamke ambaye hajapata barua tangu mumewe afe, jina lake linatoka kwenye kipaza sauti.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Rudewa navuna mpunga. Haya nilisimuliwa na wao wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake, kwa hiyo nayajua kama niliyekuwepo.

Mzee wa stesheni alivaa koti, akasimama barazani kwake. Dada akakaa kwenye kigoda. Juu ya karatasi kulikuwa na Kumb. Na., tarehe upande wa kulia, halafu YAH: ENEO LAKO LILILOPO KANDO YA BARABARA KUU, imepigiwa mstari. "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mtu wa umri wetu akisikia husika na kichwa cha habari hapo juu, anavua kofia. Barua ikasema eneo lake limeainishwa ndani ya mpango wa uendelezaji. Ikasema anatakiwa afike ofisini akiwa na nyaraka zake za umiliki ili taratibu za malipo zianze. Ikasema watakaochelewa wasije wakalaumu. Halafu, "Wako katika maendeleo," sahihi imejikunja kama jongoo, chini yake neno Mratibu, na mhuri wa duara wa bluu.

"Ni serikali?" dada akauliza.

"Unadhani ni mjomba wako anakuandikia kwa mhuri wa duara?"

"Wanataka kunitoa?"

"Wanataka kukulipa. Ninyi Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Tabora hadi pwani mkalipwa kitambaa. Leo unalipwa umekaa kwenye kigoda, bado unauliza."

"Na huko chini ya mhuri, mbona kama pameandikwa?"

Mzee akaikunja. Akampa kwa mikono miwili. "Ya chini ni yako. Ukiyataka njoo kesho peke yako, na usije na njaa maana mke wangu hayupo."

"Serikali ina siri gani na mimi, mzee mzima wewe."

Wakacheka. Kesho yake hakwenda. Aliniambia alidhani ni salamu za karani aliyepiga chapa.

Kuna watu wameniuliza, mbona hakubisha, mbona hakwenda kuuliza kwa watu. Hao hawajakaa huku. Reli mpya ilipopita Kilosa tuliona mambo yanavyokwenda. Wanakuja wanapima, ukuta unachorwa alama, unaitwa, unapewa karatasi, unahama. Wengine walilipwa wakajenga nyumba nzuri kuliko za kwanza, sikatai. Anayekubali anahama na anayebisha anahama. Dada alijisemea, heri mimi niwahi, waliochelewa kwenye mstari ndio wanaokuta kalamu imekwisha wino.

Akaenda. Ofisi ilikuwa chumba cha nyumba ya wageni, kitanda kimesimamishwa ukutani, meza katikati, kompyuta. Alikuwepo wakala, kijana, shati jeupe, mpole. Alimwamkia shikamoo mama, akamvutia kiti, akamnunulia soda. Dada alivyosimulia hakuwahi kumlaumu kwa adabu. Alimuuliza, "Mama, barua umeisoma yote?"

"Nimesomewa."

"Umeielewa?"

"Mimi na serikali tutashindania nini, baba."

Hapo ndipo ninapopafikiria mimi mara nyingi, nikiwa napalilia, nikiwa nimelala. Kijana yule hakusema, mama, sisi si serikali. Wala hakusema ndiyo. Alitazama dirishani kidogo, malori yanapita, akasema, "Weka dole gumba hapa, mama. Na hapa." Barua akaiomba, akaibana na karatasi nyingine kwa pini, ikaingia kwenye faili. Mzee wa stesheni, aliyemsindikiza akawa anangoja nje, akaitwa akaweka sahihi kama shahidi, sahihi nzuri ya reli.

Bei dada hakubishania, kwa sababu fidia haibishaniwi. Pesa zenyewe sitazitaja, zilikwisha kwenye jicho lake lililopasuliwa na karo za mjukuu. Na hakufukuzwa siku ile. Aliambiwa atakaa mpaka atakapotaarifiwa, naye akaendelea kukaa, akapanda maboga, tembo wakaja wakala. Ilikuwa kama hakuna kilichotokea.

Halafu wakaja watu wa kupima. Dada akawapikia uji. Hilo akilikumbuka anaziba uso. Wakaleta nguzo za zege na waya, wakazungusha, na mbele barabarani wakasimamisha bango. Dada akamwita mzee wa stesheni aje alisome. Bango halina sahihi, kwa hiyo alilisoma lote. Lilisema viwanja vinauzwa, vimepimwa, maji na umeme jirani, vinafaa kwa hoteli na makazi, piga simu namba hii.

"Serikali inauza hoteli?" dada akauliza.

Mzee wa stesheni akalisoma tena. Safari hiyo hakumtania.

Wakaenda wote wawili ofisi ya mamlaka ya mji mdogo. Wakasikilizwa vizuri, wakaambiwa sisi pale hatuna mpango wowote, mama, hao ni watu binafsi, wananunua kwa wenye shida wanauza kwa wenye nazo. Uliuza kwa hiari yako? Dada akautazama mkono wake. Dole gumba lilikuwa lake.

Ndipo tukafika Kilosa kwenye baraza la ardhi. Safari hiyo na mimi nilikuwepo. Nilivaa viatu vya marehemu kaka yetu, vinanibana mpaka leo nikivikumbuka. Wengine waliopata barua kama ya dada hawakuja, walisema wameshakula pesa, watasema nini. Ushauri tuliupata kwa binti mmoja wa msaada wa sheria, akatuandikia maelezo, akatuambia hoja yetu ni moja tu: barua ilimfanya mama aamini ni serikali. Tuseme hiyo, tusitoke hapo. Mimi nikaambiwa ninyamaze kabisa. Mnaona alinijua haraka.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mwanamke wa umri wa binti zangu. Akamtazama dada, akasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu," dada akasema. Halafu akashtuka. "Mheshimiwa."

Watu wakatabasamu, nami nikaona kama mwanga. Nilifikiri mtu akikuamkia hawezi kukunyang'anya.

Wakili wa wanunuzi akasema wateja wake walijitambulisha kwenye barua ile ile, kwa Kiswahili, kila kitu kimo. Sisi tukatazamana. Faili likafunguliwa, barua ikatolewa, na mwenyekiti akampa mzee wa stesheni, ambaye ndiye shahidi wetu. "Mzee, msomee bibi kama ulivyomsomea siku ile. Vile vile."

Mzee akafunga vifungo vya koti. Akasoma. Nataka niseme ukweli, alisoma vizuri, kwa ile sauti aliyokuwa akitangazia treni imechelewa. Hata karani wa baraza akaacha kuandika. Akafika "wako katika maendeleo," akasoma Mratibu, akakunja karatasi mara mbili, akapiga hatua, akampa dada kwa mikono miwili. Dada akaipokea kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akangoja. "Mzee, hujamaliza."

"Nimemaliza, mheshimiwa. Ile pale ni sahihi."

"Chini ya sahihi pana maandishi."

"Yapo."

"Siku ile uliyaona?"

"Niliyaona. Madogo."

"Ukayasoma?"

"Hayakuwa yangu."

Wakili akacheka puani. Mwenyekiti hakucheka. Akauliza, "Hayakuwa yako kwa namna gani?" Basi mzee akamweleza habari za kambi, za karani wa mizani, za Jumapili mchana, na kwamba ya chini ni ya mwenyewe. Alieleza kirefu, nusura azidi mimi. Mwenyekiti aliiweka kalamu mezani akasikiliza mpaka mwisho. Akasema babu yake naye alifanya kazi kwenye mkonge. Halafu akasema, "Sasa soma."

"Mbele za watu, mheshimiwa?"

"Mbele ya baraza."

Mzee akamgeukia dada. "Mnyamwezi, niyasome?"

"Soma," dada akasema, akamrudishia karatasi. "Yameshakuwa ya kambi nzima."

Ilibidi aazime miwani ya karani juu ya miwani yake, maana maandishi yalikuwa kama mbegu za mchicha. Akasoma pole pole. "Barua hii haikutoka serikalini wala katika mamlaka yoyote ya umma. Mwandishi ni mfanyabiashara wa ardhi, ananunua kwa lengo la kuuza tena kwa faida. Hulazimiki kuuza. Bei unaweza kuijadili. Unashauriwa kupata ushauri wa mwanasheria kabla ya kukubali."

Feni ilikuwa inazunguka. Dada akauliza, si baraza, alimuuliza yeye, "Ndiyo hayo yaliyokuwa huko chini?"

"Ndiyo hayo."

"Yote hayo?"

"Yote."

"Na mimi nikasema ni salamu."

Uamuzi ulisomwa siku nyingine, lakini mimi niliujua pale pale. Mwenyekiti aliusoma bila kututazama sana. Alisema anayemwandikia mtu akitaka kununua ardhi yake anatakiwa aseme yeye ni nani na anataka nini. Huyu amesema. Alisema maandishi yaliwekwa mahali pabaya na kwa herufi mbaya, na baraza linaliona hilo, lakini halikuonyeshwa mahali popote panaposema herufi ziwe na ukubwa gani wala zikae juu au chini. Alisema desturi ya kusoma ni ya msomaji, mwandishi haimfungi. Akamalizia na kaburi. Lililopo litabaki, ndugu waruhusiwe kulizuru kwa kutoa taarifa. Jipya halitachimbwa.

"Mwanangu," dada akasema, na safari hii hakujirekebisha. "Mimi nilitaka lile jipya."

Mwenyekiti akafunga faili. Nilitaka kumchukia na mpaka leo nashindwa. Alisimama akatusindikiza mpaka mlangoni, akasema tuna haki ya kukata rufaa. Rufaa ni Morogoro, na wakili, na nauli. Yule binti wa msaada wa sheria alikuwa analia kuliko sisi.

Siku ya kuhama nilikwenda na pikapu ya kuazima. Vitu vya dada havikuijaza. Magunia mawili ya vyombo, godoro, jembe, picha ya Moyo Mtakatifu, kuku kwenye tenga. Alifagia nyumba nzima, akafagia na uwanja, ile nyumba ambayo wangeibomoa wiki ile ile. Nikamwambia unamfagilia nani, akasema kelele.

Tulipotaka kuondoka, mzee wa stesheni akatoka kwake amevaa kanga ya mkewe na sufuria kichwani, akaja akalala chali mbele ya tairi la pikapu. Mnajua watani wanavyofanya kwenye msiba. Wanakaa kaburini, wanazuia maiti isishuke mpaka walipwe, watu wanacheka machozi yakiwa bado yanatoka. Ndicho alichokuja kufanya. Akapaza sauti, "Haondoki mtu hapa. Hawa wapagazi wametuibia nchi, sasa wanatoroka bila kulipa. Nipeni changu."

Dereva akazima gari. Majirani wakatoka. Kwa kawaida hapo mtu hujibu, anamrushia maji, anamwambia amka mzigo wa kuni wewe. Wote tulimtazama dada amjibu. Dada alikuwa amekaa mbele karibu na dereva na kuku miguuni. Alitoa kichwa dirishani. Watu walingoja. Sufuria ilimtoka mzee kichwani ikaviringika mpaka kwenye waya wa uzio, ikagonga nguzo.

Mwisho akamwambia tu, taratibu, kama mtu na mtu, "Ondoka hapo, baba. Jua kali."

Hajawahi kumwita baba. Miaka yote ile. Mzee akaamka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akasimama pembeni na kanga yake. Tulimwacha hapo. Nasikia siku hizi hasomei tena watu barua. Ukimpelekea anakwambia macho yamekwisha, lakini anaonekana akisoma gazeti lililofungiwa maandazi.

Sasa dada yuko kwangu Rudewa. Chumba kipo, chakula si haba. Shamba langu ni lile alilolipata baba mkonge ulipokufa na watu wakajigawia mapori, na karatasi yake ni ya kijiji, imeliwa pembeni na mchwa. Kila kiangazi ng'ombe wanaingia, tunagombana na wafugaji, tunakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, tunarudi. Jirani yangu wa upande wa mtoni ni Msukuma, mfugaji na mkulima kwa pamoja, tumegombana naye hadi tumekuwa marafiki.

Juzi juzi mwenyekiti wa kitongoji akapita na karatasi, moja kwa kila kaya. Watu wakaja kwangu, maana huku msomaji ni mimi, mjue hali ilivyo. Nikaifungua. Dada alikuwa jikoni anachambua mchicha, akasimamisha mikono.

Juu kabisa, kabla ya Kumb. Na., kabla ya salamu, kulikuwa na maandishi meusi manene ndani ya mstatili. HII SI BARUA YA SERIKALI. SISI NI WANUNUZI WA ARDHI NA TUNANUNUA ILI TUUZE KWA FAIDA. HULAZIMIKI KUUZA. Herufi kubwa hata mimi nilisoma bila kuhangaika. Sijui ni watu wale wale au wengine. Labda ni kesi yetu iliyowafundisha. Wazo hilo lilinijia nikaliacha likae.

Jirani yangu Msukuma akapiga goti lake kwa furaha. "Hawa ndio watu. Wamejitaja hata hodi hawajapiga. Walaghai wanajificha chini, hawa wako juu ya paa."

"Wanataka shamba," nikamwambia.

"Wamesema. Kuna ubaya gani? Mtu akikwambia naja kukuibia, huyo tena si mwizi, ni mgeni."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, lakini alikuwa anamaanisha. Alikwenda kuonana nao, akarudi na soda. Na wengine wakaenda. Walikuwa wanaambiana njiani, hawa ni wa kweli, wameandika wenyewe si serikali, nenda bila wasiwasi. Ukweli wenyewe ndio uliowapeleka mbio.

Dada alikuja mpaka mlangoni na mchicha mkononi. "Na chini?" akaniuliza. "Chini ya sahihi?"

Nikageuza karatasi, nikatazama hata nyuma. "Chini ni namba ya simu tu."

"Soma."

Nikamsomea namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu. Akasikiliza zote. Akarudi jikoni.

Wanangu wako Morogoro. Mmoja akanipigia jioni ile ile, habari zinakimbia siku hizi. "Baba, shikamoo. Tumesikia. Hilo shamba ng'ombe wanakula kila mwaka, wewe huna nguvu tena, na mimi na wadogo zangu hakuna wa kurudi kulima. Hao si matapeli, wamejitambulisha vizuri tu. Tumeipata hata picha ya barua."

"Na shangazi yako atakaa wapi?"

"Shangazi tutapanga, baba."

Nikamwambia nitafikiria. Nimefikiria. Nitakufa, na wataliuza hata kama leo nitakataa, na karatasi yangu ina mchwa. Ni vigumu kumkatalia mtu aliyesema ukweli wote, unatafuta mahali pa kumshikia hupaoni.

Jana nilimpeleka dada nyuma ya nyumba, pale palipo na mwembe mchanga na ardhi laini. Nikamwambia, "Pana nafasi huku. Chagua tu, unionyeshe kama ulivyotuonyesha kule."

Alipatazama sana. Alitazama hadi mtoni, alitazama uzio wangu wa miiba. Nikamtazama mguu. Hakuunyanyua.

"Tungoje kwanza," akasema. "Tusikie watoto wanasemaje."

Magunia yake ya vyombo yako kwenye kona ya chumba, bado amefunga midomo kwa kamba ya mkonge. Akihitaji sufuria anafungua, anaitoa moja, anafunga tena.